Mstari wa Bi Rukaya

Korogwe, 3 Februari 2025

Shangazi yangu Mashavu,

Asalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Mimi mzima, kile kifua cha Desemba kimepoa. Mzee wako Salimu anaendeleaje na mgongo? Mwanao Mustapha aliniambia kwenye simu kwamba mahindi yenu ya vuli yamekaukia shambani yakiwa yanatoa mbelewele, nikasikitika, maana lile shamba la bondeni najua mlilitegemea. Huku Korogwe joto halisemeki, hata feni ya ofisini inazungusha moto tu.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe linataka jibu la maandishi, na simu yako inapokelewa na kila aliye karibu nayo.

Lile andiko la utafiti wetu wa kijiko cha chumvi na presha, lile nililokuambia jina langu liko la kwanza, limewekwa mtandaoni. Wataalamu bado hawajalikagua. Siku hizi linawekwa kwanza watu walisome, ukaguzi unafuata. Sasa iko mashine inayopita katika maandiko ya namna hii, maelfu kwa maelfu, ikitazama kama mwandishi ameeleza kazi yake wazi kiasi kwamba mtu mwingine akitaka kuirudia anaweza. Haimjui mtu wala haina chuki na mtu. Inasoma, kisha inabandika taarifa chini ya andiko, kila mmoja aione. Yetu ilikuja Ijumaa. Kibali cha maadili: kimepatikana. Ridhaa ya washiriki: imepatikana. Namna ya kugawa makundi: imepatikana. Washiriki waliotoka kabla ya mwisho: haikupatikana.

Ni kweli hatukuandika, kwa sababu takwimu ulizotukusanyia huko zinaonyesha walioanza ni mia mbili na kumi na wanne, na waliomaliza ni haohao. Dokta Erasto, mkuu wangu, anasema nijibu kwamba hakuna aliyetoka, tuendelee na kazi. Nami nataka kujibu hivyo, ila nikiwa nimeliona daftari lako lenyewe, siyo picha ulizonitumia kwa simu. Mpe Kaleb, kondakta wa basi la asubuhi, atanifikishia. Andiko hili ndilo litakalonipeleka chuo mwezi wa kumi, kwa hiyo nakuomba usichelewe.

Mwanao,
Shamsia wa Jabiri


Sindeni, 21 Februari 2025

Mwanangu Shamsia,

Waalaykum salaam na marahaba. Barua imefika. Kaleb aliishusha dukani kwa Serafina ikakaa siku tisa kwenye tenga la nyanya, ndiyo maana imekuja inanukia. Nimeisoma mwenyewe, polepole, kisha nikairudia. Mwandiko wako ni ule ule wa marehemu baba yako, herufi zimelala upande kama zimechoka.

Sisi wazima. Mgongo wa Salimu unamruhusu kwenda msikitini na kurudi, kulima haumruhusu. Yeye anasema ndiyo mapenzi ya Mungu, mimi namuuliza mbona mapenzi yenyewe yameliona jembe tu. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Binti wa Serafina kaposwa na watu wa Mazingara. Ramadhani iko mlangoni na sijapata hata tende.

Hiyo mashine imenishangaza. Inakaa wapi? Nani anaiamuru iulize? Nimeona ajabu kwamba imesoma kurasa zote hizo za Kizungu, haikuuliza chumvi, haikuuliza presha, imeuliza nani ametoka.

Jibu langu ni hili. Uliponifundisha kazi uliniambia kila mshiriki afungwe ule mpira wa presha mara tatu, mwanzo, baada ya miezi mitatu na baada ya miezi sita, aliyepewa kijiko cha kupimia chumvi na asiyepewa, wote sawasawa. Mara ya tatu nimefunga mikono mia mbili na kumi na nne kwa mkono wangu huu, Sindeni na Mazingara, na hakuna namba niliyoitunga kichwani. Nakuapia. Daftari lina kazi nyingine za zahanati, kwa sasa siwezi kulitoa.

Nikuambie jambo, usicheke. Tangu barua yako ije, kila adhuhuri nikiwa nyuma ya nyumba natia udhu nasikia hodi. Ni hodi ya Rukaya shoga yangu, unaikumbuka, ile ya kukohoa kwanza ndipo aseme. Natoka na maji yakinidondoka, uwanja mtupu. Rukaya ana miezi minane kaburini na tulimsomea vizuri. Nimesoma Yasini mara tatu. Jana sikutoka. Niliitika tu, karibu, nikaendelea na udhu wangu. Huenda nimekosea kuitika.

Shangazi yako


Dindira, 14 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Nimehamishiwa huku Dindira kwa miezi michache. Baridi ya milimani siiwezi. Ukungu unashuka kwenye chai mpaka mtu aliye hatua kumi unamwona kivuli tu, na anapokusalimia huna hakika ni nani. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, Mama Dorkasi. Ni Mkristo, lakini saa ya futari anakuwa ameshanipikia uji na viazi, akikaa kunitazama nile kama mimi ndiye mwanawe wa mwisho.

Nimeletwa kuandaa awamu ya pili. Vijiko mia nne vitagawiwa hapa mwezi wa sita.

Shangazi, umeniapia kuhusu mikono. Mimi sikukuuliza mikono, nilikuuliza watu. Nimeisoma ile sentensi yako mara nyingi kuliko nilivyolisoma andiko langu mwenyewe.

Unajua kwamba kwetu majina hayaji. Mnakaa nayo ninyi kwenye daftari, sisi tunapata namba. Kwa hiyo sikujua kama Bi Rukaya alikuwa mshiriki. Ulipoandika habari ya hodi nilifungua jedwali. Yuko mwanamke wa Sindeni, miaka hamsini na minane, kundi la kijiko, namba tisini na saba. Januari mwaka jana presha yake ni 172 kwa 106. Aprili ni 168 kwa 102. Julai ni 114 kwa 72. Na Bi Rukaya tulimzika mwishoni mwa Juni. Nilikuja msibani, nililala kwako.

Niambie tisini na saba ni nani. Kama siye, nitasema alhamdulillahi na nitakuomba radhi kwa kukushuku. Lakini huku kwenye kompyuta yangu huyu mama ni mzima kuliko wote. Kila nikifungua jedwali macho yanamfuata. Dokta Erasto ananihimiza nijibu, namwambia bado.

Shamsia


Sindeni, 5 Aprili 2025

Mwanangu,

Idi mubarak. Tumekula pilau ya watu, sisi tulitoa mbuzi mmoja wa wale mapacha. Salimu anakusalimu, anasema usikae na baridi, nunua sweta zito. Mvua zimeanza na Mustapha ameshapanda.

Ndiye. Tisini na saba ni Rukaya.

Nimeanza barua hii mara nne. Nitakuandikia kama ilivyokuwa, wewe uliyesoma utajua jina la kosa langu.

Rukaya alianguka shambani akivuna mahindi, Jumatano, jua likiwa utosini. Mumewe Mbwana alimbeba mwenyewe hadi barabarani, lakini alipofika barabarani alikuwa amebeba maiti. Siku ya tisa nikapita na mashine ya presha, maana wiki ya vipimo ilikuwa imefika na nyumba yao iko katikati ya njia yangu. Sikwenda kupima. Nilikwenda kumpa pole na kuandika kwenye mstari wake kwamba amefariki. Nilikuwa nimeshatoa kalamu.

Mbwana akaniuliza naandika nini. Nikamwambia. Akaweka chini kikombe chake, akasema, "Mashavu, Rukaya alikuahidi vipimo vitatu. Viwili ametoa. Cha tatu kiko shingoni mwake."

Nikamwambia ahadi ya mtu hukoma anapokufa. Akasema siyo. Akasema mtu akifa ana deni la funga, jamaa yake anamfungia. Akifa hajahiji, anahijiwa. Hii nayo ni ahadi, tena kaiwekea dole gumba mbele ya mashahidi. Kisha akakunja mkono wa kanzu, akaulaza mkono juu ya meza, akageuza uso upande wa ukutani.

Shamsia, mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba na chuo cha Kurani. Uliponifundisha kazi hukuniambia maiti anafanywaje. Nilitazama ule mkono, nikaona maneno yake ni ya dini, na mimi nani nimzuie mtu asimlipie mkewe. Nikafunga mpira. Mbwana ni mwembamba, hana presha, ikasoma 114 kwa 72. Nikaandika kwenye mstari wa Rukaya. Tukanyanyua mikono, tukamwombea.

Ndivyo nilivyokuapia bila kusema uongo. Mikono ilikuwa mia mbili na kumi na nne.

Ile hodi haijakoma. Sasa anakohoa tu, hasemi.

Mashavu


Dindira, 27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako nikiwa njiani kushuka mjini, nikaisomea kwenye jiwe kando ya barabara, na gari likanipita.

Sikulaumu. Ungenilaumu wewe, kwa sababu na mimi nina langu. Namba ile niliiona tangu Julai. Mtu hashuki kutoka 168 hadi 114 kwa kijiko cha plastiki. Nilipaswa siku ileile kukupigia simu nikuulize, hata ningekuwa nimekosea. Nilikaa nayo jioni nzima, nikajiambia huenda amepungua mwili, huenda alipumzika kabla ya kupimwa. Nikaipitisha. Ilipendezesha mchoro wangu. Hata Dokta Erasto aliinyooshea kidole akasema, tazama huyu.

Ukiitoa namba hiyo, hesabu ya wote inasogea kidogo sana. Kijiko bado kinasaidia, siyo kwamba tumedanganya watu kwa hilo. Lakini mshiriki akifa, kamati ya maadili lazima iambiwe mara moja, iulize amekufa kwa nini. Hatukuwaambia, kwa sababu kwetu hakufa.

Na hapo ndipo penye neno langu. Juzi Mama Dorkasi alinikuta napanga vijiko kwenye boksi. Akachukua kimoja, akakigeuzageuza, akaniuliza, "Nikipewa hiki, vile vidonge vya presha naviacha?" Aliniuliza huku anacheka, kama mtu anayeuliza kama kesho ni Jumapili. Nikamwambia asiache hata siku moja. Lakini nilipolala nikajiuliza Sindeni waliuliza wangapi, na nani aliwajibu, maana mimi sikuwepo.

Shangazi, Bi Rukaya alikuwa anameza vidonge? Mpaka lini?

Shamsia


Dindira, 24 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mwezi unaisha bila neno lako. Kaleb ameniapia kwamba barua yangu aliikabidhi mkononi mwako, na kwamba ulimshukuru. Kwenye simu Mustapha anasema uko msikitini, uko shambani, uko kwa mgonjwa. Najua huendi shambani siku ya Ijumaa.

Mama Dorkasi amenishonea shuka la pamba. Chai imeiva, watu wanachuma toka ukungu haujaondoka, unasikia sauti zao humwoni mtu.

Vijiko vitagawiwa tarehe ishirini na tatu Juni. Nimemwomba Dokta Erasto asogeze mbele, akaniuliza kwa sababu gani, nikakosa cha kumwambia. Andiko nimeliondoa kwa muda. Nimeandika tu kwamba data zinarejewa. Hakufurahi. Amesema kama sina sababu mpaka tarehe kumi na tano, analirudisha mwenyewe.

Sikuulizi tena. Nakungoja.

Shamsia


Sindeni, 11 Juni 2025

Mwanangu Shamsia,

Waalaykum salaam. Idi ya kuchinja imepita, hatukuchinja. Salimu amekaa kitako siku nne, lakini leo ametoka. Nimempa Mustapha barua hii alete mwenyewe kwa pikipiki mpaka Dindira, na nimemwambia asirudi bila kukuona unaifungua.

Jumapili nilikwenda kwa Mbwana. Nilimkuta anapukuchua mahindi peke yake kwenye ukumbi. Nilikuwa nimepanga nimweleze kwa mzunguko, nianze na habari za mashine na za chuo chako, lakini nilipokaa nikajikuta namuuliza moja kwa moja kama Rukaya alikuwa anameza dawa.

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na khanga ya Rukaya imefungwa fundo. Akaifungua juu ya mahindi. Pakiti za vidonge, Shamsia, zile za zahanati, tatu hazijafunguliwa kabisa na ya nne imetolewa vidonge viwili. Alikuwa anakwenda kuzichukua kila mwezi asionekane mkaidi, anakuja kuzifungia nguoni.

Mbwana akasema alizikuta siku ya tatu ya msiba, akitafuta kitambulisho chake. Kwa hiyo siku ya tisa alipolaza mkono mezani alikuwa anajua. Nikamuuliza, basi yale maneno ya funga na hija yalikuwa ya nini. Akasema, "Ahadi ilikuwa kweli na aibu ilikuwa kweli. Nilitaka huko kwenye karatasi zenu awe amemaliza vizuri. Asiwe mtu aliyekufa kwa kukosea."

Nikalia. Akadhani namlilia Rukaya.

Sasa hili ndilo nililokuwa nalikimbia, na ndilo lililonifanya nisikujibu mwezi mzima. Rukaya hakukosea mwenyewe. Mwezi wa tatu mwaka jana, tukiwa tunachambua mchicha hapa kwangu, aliniuliza kama kijiko kinatosha aache vidonge, maana vinamfanya akojoe mara kwa mara na anaona haya kwenye swala. Mimi na yeye tulikuwa tunakwenda kliniki ya presha siku moja, kwa foleni moja. Nikamwambia, "Mimi nimeacha tangu mwezi wa kwanza, na unaniona."

Basi. Hayo tu. Nikamwongezea mchicha kwenye ungo wake.

Kwa sababu nilikuwa nimevaa fulana yenu yenye maandishi, na mashine ya presha iko pembeni yangu, hakusikia maneno ya Mashavu. Alisikia maneno ya kituo chenu cha utafiti. Mimi nilijua hivyo hata nilipokuwa nayasema, nikaona raha kidogo kuaminiwa. Mungu anisamehe kwa hiyo raha kuliko kwa maneno yenyewe.

Nilimwambia Mbwana yote. Nilidhani atanifukuza. Alizirudisha pakiti kwenye khanga moja moja, akazifunga tena fundo, akaniuliza, "Na mwingine ulimwambia nani?"

Nikasema sikumbuki. Na ni kweli, Shamsia, sikumbuki. Nimezunguka nyumba zile mara tatu, nimekaribishwa chai, tumecheka, nimeulizwa mambo elfu. Adhuhuri nikisikia kikohozi uwani siku hizi sitoki kumtafuta Rukaya. Najiuliza ni nani.

Daftari hili hapa, Mustapha analo. Yaandike yote. Uandike na mimi.

Mashavu


Korogwe, 9 Julai 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kwanza kabisa, umerudi kliniki? Usinijibu habari nyingine kabla ya hiyo.

Mustapha alifika tarehe kumi na mbili, ameloa, akasimama mbele yangu kama askari mpaka nilipoifungua barua. Mama Dorkasi alimpa chai akanywa vikombe vitatu bila kukaa.

Siku iliyofuata nilishuka kwa Dokta Erasto na daftari lako. Alilisoma mpaka mwisho, nikadhani anatafuta namna ya kunifukuza. Akaniuliza tu kama naelewa kwamba mwaka huu chuo sitakwenda. Nikasema naelewa. Tukaandika barua kwa kamati ya maadili pamoja, jina lake na jina langu. Kamati imesimamisha vijiko vya Dindira mpaka kila kijiko kiwe na karatasi inayosema dawa zisiachwe, na mtu wa kuisoma karatasi hiyo kwa sauti nyumba kwa nyumba. Kuhusu wewe wamesema usipime tena mpaka wakuite. Sikuweza kuwazuia, na sikujaribu sana. Nisamehe.

Andiko nimelirudisha mtandaoni. Safari hii nimeweka na data zote, anayetaka aone. Mstari wa tisini na saba, Julai, nimeuacha mtupu. Kwenye maelezo nimeandika: mshiriki mmoja wa kundi la kijiko alifariki kabla ya kipimo cha mwisho, akiwa ameacha dawa baada ya kushauriwa vibaya na mkusanyaji wa takwimu, kipimo kilichoandikwa kwake kilikuwa cha mtu mwingine, na mwandishi wa kwanza alikiona hakifanani akakiacha. Mashine ilipita baada ya siku mbili. Washiriki waliotoka kabla ya mwisho: imepatikana. Neno moja, Shangazi. Haikusema pole wala haikusema mmekosa. Nililitazama neno hilo nikatamani ingesema chochote kingine.

Lakini kuna kitu haikuuliza, na haiwezi kuuliza, kwa kuwa inasoma tu tulichoandika. Ni lile swali la Mzee Mbwana. Kamati nayo imeuliza hilo hilo, na wanataka kumtuma mtu. Nimewaomba wasubiri kidogo, nikuulize wewe kwanza.

Na ile hodi, vipi?

Shamsia


Sindeni, 6 Agosti 2025

Mwanangu Shamsia,

Waalaykum salaam na marahaba. Kliniki nimerudi. Nesi alinipima mara mbili akaniuliza kama nimepanda mlima. Vidonge nameza mbele ya Salimu, ananitazama koo kama ananivizia. Mahindi ya masika tumepata magunia machache, tunashukuru. Ndoa ya binti wa Serafina imepita vizuri, nilicheza mpaka goti likaniuma.

Usiwaache wamtume mtu. Watu wataulizwa na mgeni, watasema hapana, dawa tunameza, kama Rukaya alivyokuwa anamwambia nesi.

Nimezunguka mwenyewe. Sikubeba mashine, fulana yenu sikuvaa. Sindeni waliopewa kijiko ni nyumba hamsini na nane, nimezimaliza kwa siku kumi na moja. Kila nyumba naanza kwa kusema nilichomwambia Rukaya. Nyumba ya kwanza walinicheka, walidhani nimechanganyikiwa na msiba. Nyumba ya sita bwana mmoja alisimama akaniambia nitoke, na nikatoka. Serafina, tuliyejuana tangu utoto, hajaniamkia tangu siku hiyo. Anaweka sukari yangu juu ya meza na kugeuka.

Nimekuta watano walioacha. Watatu waliacha kwa akili zao. Wawili wananiambia ni wewe, Mashavu, ulituambia, tena wanataja siku na mahali, mmoja anataja hata nguo niliyovaa. Nimejilazimisha kukumbuka, sioni kitu. Uwaandike hao pia. Wote watano nimewapeleka zahanati kwa miguu yangu.

Mbwana alinisikia nazunguka. Nilipoanza upande wa Mazingara alinikuta njiani, akasema nyumba za huko hawanijui vizuri, hawataamini mwanamke anayejisema vibaya mwenyewe, watadhani ninatafuta kitu. Basi tunakwenda wawili. Mimi nasema langu, naye anasema lake. Mara ya kwanza alilisema akitazama chini. Jana tulikuwa kwa mama mmoja mtu mzima, Efrazia, anaishi na wajukuu. Nikaeleza, akawa ananisikiliza huku anachagua mchele, haninyanyulii hata jicho. Mbwana akasogeza kigoda chake mbele, akasema, "Mimi ni mume wa Rukaya. Mke wangu alikufa kwa kuacha dawa."

Efrazia akaacha kuchagua. Akamwuliza alikuwa ameacha kwa muda gani. Mbwana akamwambia miezi mitatu na siku kadhaa. Yule mama akahesabu kwa vidole, akafika kidole cha nne, akakomea hapo. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, tukamsikia anafungua sanduku, anafunga, anawaambia wajukuu wasiguse moto. Tulidhani hatatoka tena. Mbwana alikuwa ameshainuka kuaga.

Akatoka amejitanda, amevaa viatu, kadi ya kliniki mkononi.

Mashavu